Ubeti wa Tano

Lemvig, Jumapili 11 Machi 1984

Wifi Gudrun,

Barua yako nimeipata. Unauliza uweke nini kwenye wimbo wa kumtania Sidsel siku ya kipaimara chake, na unanilaumu kwamba nimekuwa mchoyo wa habari. Basi leo nimekaa mezani na kahawa yangu, kaka yako Preben yuko karakana na matrekta ya watu, Sidsel kajifungia chumbani, nami nakuandikia kwa utaratibu.

Kwanza, ibada ya kipaimara ni Jumapili tarehe 6 Mei, saa nne asubuhi. Saa nne, si saa tano kama ulivyokuja siku ya ubatizo wake. Baada ya kanisa tunakwenda ukumbi wa kijiji. Tumealika watu arobaini. Kutakuwa na supu, nyama ya kuoka na aisikrimu. Wimbo uje kati ya nyama na aisikrimu, kama ilivyo kawaida.

Pili, huyo mwenye siku yake. Ana miaka kumi na minne na nyumba nzima inatembea kwa kunyata. Asubuhi anashuka ngazi akiimba, ananibusu shavuni. Mchana anarudi kutoka shule na kuniambia kwamba natafuna kama farasi. Jioni baba yake akimwita mezani, mlango unabamizwa mpaka picha ya mama yenu inakaa upande ukutani. Nikimwuliza, "Kuna nini, mwanangu?" jibu ni "Hakuna." Nikinyamaza, jibu ni "Hamnijali." Nguo alizozililia Krismasi sasa ni nguo za vikongwe. Alhamisi alimkumbatia paka huku machozi yanamtoka, hata paka mwenyewe akashangaa.

Halafu kuna bafu. Kila jioni anaingia bafuni na redio, anaifungua juu kabisa, na maji anayaacha yatiririke. Anadhani hatusikii. Mimi huwa nasimama nje ya mlango na mataulo mikononi, nasikia kilio kinapenya muziki. Baadaye anatoka, macho mekundu, anauliza kama kuna jamu. Kama singekuwa na wasiwasi naye ningecheka.

Haya, kazi kwako. Chagua cha kuchekesha. Wewe ndiye hodari wa mashairi, kama unavyotukumbusha kila mara.

Wifi yako,
Vibeke


Svendborg, 19 Machi 1984

Wifi Vibeke,

Loo, kumbe unayo kalamu! Barua yako imenichekesha mpaka mteja mmoja dukani akaniuliza kama naumwa. Tangu lini mke wa kaka yangu akawa mcheshi?

Hayo ndiyo niliyokuwa nayataka. Mtoto wa kipaimara asiyetaniwa kwenye wimbo wake, wageni huenda nyumbani wakisema hana mtu wa kumpenda. Mimi walipoimba wangu, mwaka wa arobaini na tisa, mjomba aliweka ubeti mzima kuhusu meno yangu. Nililia usiku kucha na sikuwahi kujisikia mkubwa kama siku ile.

Nina beti nane. Nitazipiga chapa kwenye karatasi za waridi na kuzifunga utepe. Nyuzi za dukani kwangu zitafaa. Tuni nimechagua ile ya wavuna viazi, hata Preben anaijua, na yeye sauti yake ni kama geti bovu.

Supu, natumaini, safari hii itakuwa na chumvi.

Gudrun


Lemvig, 9 Mei 1984

Gudrun,

Jana ulipopiga simu niliikata. Ukipiga tena nitaikata tena. Nataka maneno yangu yakae kwenye karatasi, usije ukasema hukuyasikia.

Wewe uliondoka Jumapili jioni na keki yako ndani ya sanduku, ukiwa umefurahi. Sasa nikuambie kilichofuata. Ulipoanza kugawa vile vikaratasi vya waridi Sidsel alikuwa anacheka. Alicheka ubeti wa farasi. Alicheka wa paka. Tulipofika wa tano watu arobaini waliimba kwa sauti moja:

Redio bafuni yafunguliwa juu,
Sidsel mle ndani ni mtu mkuu;
kumbe bibi mdogo analia kwa zamu,
akimaliza kulia, aomba mkate na jamu.

Ukumbi ulitetemeka kwa kicheko. Mchungaji alijifuta macho. Sidsel alikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka chini ya sahani, akatoka kwa mlango wa jikoni. Wapishi walimkuta ameketi kwenye kreti za bia na gauni lake jeupe. Alirudi kukata keki kwa sababu baba yake alimwomba. Mimi hakunitazama.

Jumatatu ya Buluu, siku ambayo wenzake wote wa kipaimara walikwenda mjini kutumia pesa za zawadi, yeye hakutoka kitandani. Rafiki zake walikuja mpaka mlangoni. Mmoja wao, alipokuwa anaondoka, nilimsikia akiimba ile tuni kwa pua.

Nilikuambia uchague cha kuchekesha. Sikukuambia umvue mtoto nguo mbele ya watu. Mtu aliyezaa angejua tofauti yake.

Vibeke


Svendborg, 14 Mei 1984

Wifi Vibeke,

Aliyezaa angejua tofauti. Haya. Na aliyezaa ndiye aliyeniandikia habari za bafu. Mimi ninaishi huku, siku nzima ya safari kutoka kwenu. Ningeijulia wapi hiyo redio? Niliota?

Na tusisahau jambo jingine. Wewe uliimba. Ulikuwa umekaa mkabala nami, umevaa ile blauzi ya kijani inayokubana. Ubeti wa tano uliuona kwenye karatasi kabla hatujaufikia, kwa sababu nilikuona ukisoma mbele. Ungeweza kukohoa, ungeweza kuangusha glasi, ungeweza kusema nyama inapoa. Uliimba mpaka neno la mwisho, ukasimama, ukanyanyua glasi, ukashangilia na wengine.

Usinifanye mimi ndoo ya kumwagia maji yako machafu. Kama mtoto kanuna, kanuna. Watoto wa umri huo hununa. Atanyanyuka.

Nasikitika kwa ajili ya Jumatatu yake. Hilo nalisema kwa dhati.

Gudrun


Lemvig, 25 Juni 1984

Dada Gudrun,

Asante kwa simu ya juzi. Tulikuwa tumesimama kando ya moto wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, kijiji kizima, tukidhani Sidsel yuko upande wa pili na wenzake. Vibeke alikuwa keshaanza kuuzunguka moto akiita jina lake. Simu ikalia nyumbani kwa jirani ambaye hakwenda, akaja mbio kutuambia kwamba yuko kwako. Vibeke alikaa chini kwenye nyasi.

Hataki kuzungumza nawe. Mtoto naye hataki kuzungumza na mama yake. Mimi niko katikati na spana mkononi.

Akae kwako kidogo. Ana jozi moja tu ya viatu, mnunulie vingine, nitalipa.

Kaka yako,
Preben


Svendborg, 28 Juni 1984

Wifi Vibeke,

Naandika kwa sababu simu huishiki. Binti yako hajambo. Kwa kweli sijui ni mtoto gani uliyekuwa unamlalamikia. Huyu wangu anaamka saa moja, anapanga nyuzi kwa rangi, anawachekesha wateja, anakula mkate mweusi na maini ya kupaka kama mfanyakazi wa bandarini. Bafuni anaingia na kutoka. Redio iko jikoni na inaimba kwa sauti ya kiungwana.

Alipofika, hata mfuko hajautua, aliniuliza swali moja: "Shangazi, nani alikuambia habari za bafu?" Nilimtazama. Ningeweza kukulinda. Lakini siku ile uliponiandikia kuhusu mtu aliyezaa, wewe hukunilinda mimi. Nikamwambia ukweli. Akasema, "Nilijua, nilitaka tu kusikia." Akaomba chai.

Sasa anataka kubaki. Shule hapa inaanza darasa la nane katikati ya Agosti, na mwalimu mkuu ni mteja wangu. Nimezungumza naye. Kinachotakiwa ni sahihi zenu. Chumba ninacho, na subira ninayo. Fikiria kilicho bora kwa mtoto na si kwa kiburi chako.

Gudrun


Lemvig, 2 Julai 1984

Gudrun,

Hapana.

Hutapata sahihi yangu, na Preben nimemwambia kwamba siku akiweka yake aende akaishi huko kati ya nyuzi. Unasema "huyu wangu". Soma barua yako mwenyewe. Umekaa miaka yote hiyo ukitucheka kwa supu na mapazia, na sasa umeona mwanya, umejipatia binti aliyekwishakua, bila nepi, bila surua, bila usiku hata mmoja wa kukesha. Kisha unamkabidhi mtoto wa miaka kumi na minne siri ya mama yake kama mtu anayetoa chenji.

Unavyomsimulia, mtu atadhani ni mwanakondoo. Ni mgeni tu, mwanamke wewe! Kila mtu ni mwanakondoo wiki ya kwanza kwenye nyumba ya watu. Ngoja akuzoee.

Mrudishe kabla shule haijaanza. Usipomrudisha nitakuja kumchukua, na nikija sitakuja na keki.

Vibeke


Svendborg, 6 Julai

Mama,

Shangazi anasema lazima nikuandikie, kwa hiyo naandika. Hajasoma. Nimemwambia akisoma naondoka.

Usiendelee kumtukana. Nimeona barua zako mezani. Mnaandikiana kama mabibi wawili wanaogombea kiti kanisani.

Sikukasirika kwa habari ya paka. Wala mlango, wala farasi. Hayo mliyaona nyote, ni halali yenu. Ya bafuni hukuyaona, uliyasikia. Ulikuwa umesimama pale. Kila jioni nilidhani niko peke yangu, kumbe upande wa pili kuna mtu, na mtu huyo ana mataulo, na hagongi. Anasikiliza tu, halafu anashuka kupika viazi. Nani anafanya hivyo?

Unataka kujua nilikuwa nalilia nini. Sijui! Ningejua ningekuambia. Au nisingekuambia, lakini ningejua. Kinakuja tu. Kinakuja kama kiu, nikishalia kinaondoka na nasikia njaa. Ndiyo maana ya ile jamu. Mnacheka jamu, lakini ilikuwa ndiyo sehemu nzuri.

Nikuambie kilichoniuma. Mlipofika pale "analia kwa zamu", wewe uliinua macho kutoka kwenye karatasi, ukanitazama, ukatabasamu. Kama mtu anayempa mwenzake zawadi. Ulidhani nitafurahi.

Nataka kubaki huku. Hapa hakuna anayejua nikoje.

Sidsel

Mwambie baba viatu vimenitosha.


Lemvig, 10 Julai 1984

Sidsel mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Naomba unisaidie kuelewa, kwa sababu kitu hakiji bila kutoka mahali. Je, ni shule? Ni yule mwalimu wa hesabu? Kuna mvulana? Kuna mtu amekugusa au amekutisha? Ni mimi na baba yako, tulipogombana Februari kwa ajili ya gari? Unalala vya kutosha? Je, ni siku zako za mwezi? Nilipitia shajara yangu tangu vuli nione kama kilio kinafuata mpango fulani, na sikuuona, lakini wewe unaweza kuuona. Nijibu lolote kati ya haya, hata kwa neno moja.

Mataulo nilikuwa nayaleta kweli. Sikuwa najificha.

Stroberi za bustanini zimeiva na hakuna wa kuzila.

Mama


Svendborg, 23 Julai 1984

Wifi Vibeke,

Najua utafurahi, kwa hiyo furahi haraka tumalize.

Mwanakondoo amekwisha. Wiki iliyopita alishuka asubuhi akiwa amenisukia mkufu wa nyuzi, ananiita shangazi kipenzi. Mchana aliniambia duka langu linanuka mbuzi. Jioni alilia kwa sababu nilikaanga samaki. Kesho yake alilia kwa sababu sikukaanga. Nikamwuliza, "Kosa langu ni nini hasa?" Akanijibu, "Kosa lako ni kuuliza." Barua yako ya maswali aliisoma amesimama mlangoni, akaipasua vipande viwili, halafu vile vipande akaviweka chini ya mto wake. Nieleze mtu wa namna hiyo.

Ya jana ni mabaya zaidi na bora uyasikie kwangu. Bibi Bøgelund alikuja kununua sufu ya buluu. Tukapiga soga kama ilivyo dukani, nami nikamsimulia habari ya samaki, nikamwiga kidogo jinsi anavyobana midomo. Bibi Bøgelund alicheka mpaka akashika kaunta. Pazia la stoo likafunguka. Alikuwa mle ndani tangu mwanzo, anapanga maboksi.

Alisema tu, "Nyinyi ni ukoo mmoja kweli." Akapanda juu. Tangu jana hajala, hajafungua mlango. Hataki shule ya hapa, hataki ya Lemvig. Kabla hajajifungia nilimsikia akiulizia kwa simu nauli ya kwenda Copenhagen, na huko hatuna mtu. Nimeficha viatu vyake, jozi zote mbili. Najua ni upuuzi.

Mimi sikumaanisha ubaya. Sisi tunapenda kwa kutania, hivyo ndivyo tulivyolelewa mimi na Preben, sijui njia nyingine. Nifanye nini? Nakuuliza wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwuliza, si kwa sababu nakupenda.

Gudrun


Lemvig, 25 Julai 1984

Gudrun,

Kwanza, mrudishie viatu vyake. Leo. Viweke nje ya mlango wake bila neno. Mtoto anayejua kwamba viatu vimefichwa atatoka hata miguu mitupu.

Sifurahi. Ningependa kufurahi, nilikuwa nimeiandaa furaha hiyo tangu Juni, lakini nimesoma barua yako na haikuja. Kila ulichoandika nilikwisha kukifanya mimi. Hata kuuliza ulivyouliza.

Ile barua yangu ya maswali nilimwonyesha Preben kabla ya kuituma. Unamjua kaka yako, maneno yake anayatoa kama anayanunua. Aliisoma, akasema: "Mtamba akibadilisha meno, hali vizuri na anapiga teke. Baba alikuwa anamwuliza?" Nikamwambia binti yetu si ng'ombe. Akasema, "Ndiyo, ng'ombe angekuwa amekupiga teke wewe." Akarudi karakana. Niliituma hata hivyo, kwa hasira. Sasa nimekuwa na wiki mbili za kuifikiria.

Sikiliza. Usimwulize sababu. Ameshatuambia kwamba hana, na sisi tunaendelea kumdai kama polisi. Weka chakula nje ya mlango, chakula kilichopoa, cha kushikwa kwa mkono, asilazimike kukaa mezani kutazamwa. Akikitupa, nyamaza. Akishuka anacheka, usimkumbushe kwamba jana alikuwa analia, na usishangilie pia, kwa maana ukishangilia anaona ulikuwa unahesabu. Akikuambia duka linanuka mbuzi, sema linanuka. Linanuka kweli, Gudrun. Ukimsikia analia, gonga mara moja, mwambie upo jikoni, kisha uende jikoni kweli. Usisimame pale. Na kwa jina la Mungu usimsimulie mtu yeyote, hata mimi. Barua yako ya juzi isingepaswa kuwa na samaki ndani yake.

Haya sikuyajua Mei. Sijui hata sasa kama ni sahihi. Ndiyo niliyonayo.

Ninakuja Ijumaa ya tarehe 3 Agosti kwa treni. Mwambie nakuja, usimfanyie ghafla. Mwambie siji kumchukua kwa nguvu. Akitaka kubaki nitatia sahihi mbele yake, Preben ameshatia. Akitaka kurudi, tiketi ya pili ninayo mkobani. Wewe usimshauri. Hilo nakuamuru, si ombi.

Vibeke


Svendborg, 8 Agosti 1984

Wifi Vibeke,

Ulikaa nyumbani kwangu chini ya saa mbili na hukuonja hata kahawa. Nilikuwa nimeoka. Nilitandika kitambaa cha mama. Ulisimama barazani na koti lako kama mkaguzi wa gesi, ukasema, "Nipo hapa chini, Sidsel, sina haraka," ukatoa kazi yako ya kufuma mkobani ukakaa kwenye ngazi. Kwenye ngazi! Kuna viti sita humu ndani.

Na aliposhuka na mfuko wake, hukumkumbatia, hukulia. Ulimwuliza tu, "Sahihi au tiketi?" naye akasema, "Tiketi." Basi. Wiki sita nimemlisha, nimemvisha, nimetukanwa kwa ajili ya sufu, na wote wawili mkaondoka kama watu waliotoka posta.

Nilifuata viatu vya mvua nilivyomnunulia, alivisahau, nikakimbia navyo mpaka stesheni. Treni ilikuwa inaondoka. Niliwaona dirishani. Mmekaa mkabala, yeye anatazama nje, wewe unafuma. Sijaona kitu cha kusikitisha kama kile.

Sasa Preben ananiambia kwa simu kwamba mlifika nyumbani mmechelewa sana, kwamba Sidsel alikuwa amevimba macho na alikuwa mchangamfu, na kwamba kuna mambo aliyokueleza njiani. Mambo gani? Alisema nini? Je, alinitaja? Ananichukia? Jumamosi nilipopiga simu aliishika, akasema, "Ndiyo shangazi, hapana shangazi, asante shangazi," akampa baba yake. Mimi ni shangazi yake wa pekee. Nimeubeba mzigo huu kama wewe. Nina haki ya kujua alichosema.

Viatu vya mvua nimevituma kwa posta.

Gudrun


Lemvig, 14 Agosti 1984

Wifi Gudrun,

Viatu vimefika. Jana vilivaliwa kwenda shule. Leo asubuhi vilikuwa vibaya, vya kitoto, vya kuaibisha, vikatupwa nyuma ya mlango. Saa sita mvua ilinyesha. Sijui amerudije, wala sitauliza.

Unasema una haki. Nimeifikiria hiyo haki kwa siku kadhaa, kwa sababu kahawa yako niliiacha mezani na haikuwa adabu. Nilikuwa naogopa nikikaa nitaanza kugombana nawe, na yeye yuko juu anatusikia. Kitambaa cha mama mkwe nilikiona.

Kutoka kwako mpaka Odense hakusema kitu. Nilifuma. Nilikuwa nakosea kila mstari na sikuthubutu kufumua, asije akaona. Tulipotoka Odense alisema neno moja, halafu mengine yakafuata, akazungumza tukivuka daraja la bahari, akazungumza Jutland nzima, kwa zamu akilia na kwa zamu akinitukana, na mwanamume mmoja aliyekuwa karibu nasi akachukua gazeti lake akahamia behewa jingine. Vemb tulishuka kupanda treni ndogo ya Lemvig. Ilikuwa imesimama pale, milango wazi, na kondakta akatuita. Sidsel alikuwa katikati ya sentensi. Nilimpungia kondakta mkono aondoke. Ilikuwa treni ya mwisho siku ile. Preben alitufuata kwa gari la mizigo, akatukuta kwenye benchi, akazima taa akangoja mbali.

Kwa hiyo ndiyo, aliniambia. Mengi sikuyaelewa. Wewe umetajwa.

Sitakuandikia hata neno lake moja.

Vibeke